Upande wa Taniboi

Ukiwauliza watu wa Mombasa ni wapi lori la kontena linatisha, wengi watakutajia barabara ya Nairobi: usiku, mteremko, dereva aliyekesha, gari linalolipita jingine penye kona. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini inatufanya tulegee pale tunapofika kisiwani, tukaona kwamba kwa kuwa malori sasa yanajikokota basi hatari imebaki Mariakani, kwenye barabara hiyo ya Nairobi. Mimi nasema kinyume chake. Kati ya Makupa na Likoni, na kutoka Kilindini hadi Daraja la Nyali, lori ni la kuogopwa zaidi linapokwenda mwendo wa mtu kwa miguu, linapoanza kuondoka baada ya kusimama, na linapokata kona, kwa sababu hapo ndipo wewe uko karibu nalo mno na dereva wake hakuoni. Usalama wako basi unategemea mahali unapochagua kukaa kando ya gari hilo, kuliko unavyotegemea ustadi wako wa usukani au haki yako barabarani. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuchagua mahali hapo, uwe uko ndani ya gari dogo, juu ya boda boda, kwenye tuktuk, nyuma ya mkokoteni au kwa miguu yako.

Malori hayatatuondokea. Kisiwa chetu kina bandari ubavuni: Kilindini iko magharibi, Shimanzi ina matangi ya mafuta na maghala, Mbaraki ina gati lake, na mzigo unaotoka huko kwenda bara kwa barabara, mwingi wake hupita Makupa. Unaokwenda Kilifi na Malindi mara nyingi hukata kisiwa kwa Barabara ya Ronald Ngala hadi Daraja la Nyali. Reli ya SGR ilipoanza kazi 2017, na amri ya 2019 ikataka makontena ya bara yapande treni, wengi walidhani barabara zitapumua. Kisha Septemba 2022 Rais William Ruto akarudisha Mombasa shughuli ya kuondoa mizigo, na 2024 bandari ikavuka kontena milioni 2 kwa hesabu ya futi 20. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi Kibundani, imeyapa magari ya Kwale na Lunga Lunga njia ya kukwepa kivuko cha Likoni, lakini haiwezi kuuondoa mzigo unaoshushwa kisiwani penyewe. Na uzito wenyewe ni huu: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu hadi tani 56 kwa gari la ekseli 7. Tuktuk na abiria wake wote haifiki tani 1.

Tuanze na macho ya dereva. Dereva wa trela ameketi juu sana, jicho lake likiwa zaidi ya mita 2 kutoka chini. Anaona mbali kuliko wewe: anaona foleni inayokusubiri mbele, anaona paa la matatu yako. Asichokiona ni kilicho chini yake na kilicho ubavuni mwake. Nchini Marekani madereva hufundishwa vipimo vya sehemu hizo: futi 20 mbele ya lori, futi 30 nyuma yake, upana wa njia moja upande wa dereva, na upana wa njia mbili upande wa pili. Kwa mtu wa Mombasa vipimo hivi havihitaji utepe wa fundi. Futi 20 ni urefu wa kontena fupi, na futi 30 ni robo tatu ya kontena ndefu. Basi ukiwa mbele ya lori kwa nafasi isiyotosha kuweka kontena fupi, jihesabu huonekani. Ukiwa nyuma yake, acha nafasi ya kontena ndefu nzima ndipo uwe na uhakika. Sisi huendesha kushoto na dereva hukaa kulia, kwa hiyo upande wenye upofu mkubwa ni wa kushoto, upande wa taniboi, yule msaidizi wa dereva. Upofu huo unaanza chini ya dirisha la taniboi, unafuata ubavu wote wa trela na kutanuka hadi njia ya pili, jambo ambalo katika barabara nyingi za kisiwani lina maana ya upana wote uliobaki mpaka penye watembea kwa miguu. Upande wa kulia upofu ni mdogo, lakini upo: unaanzia nyuma kidogo ya mlango wa dereva.

Kuna jambo moja ambalo mwongozo wa Marekani au wa Uingereza hauwezi kukuambia, na hapa linahitajika. Bandari yetu inahudumia nchi ambazo watu wake huendesha kulia: Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini. Kwa hiyo utakutana na lori ambalo usukani wake uko kushoto. Kwa lori hilo hesabu yote inageuka: upofu mkubwa uko kulia, yaani upande ule ule ambao wewe umezoea kupitia unapolipita. Kabla hujaanza kulipita lori lolote, angalia kwanza nambari yake ya usajili, kisha utafute ni dirisha gani lina mtu aliyeshika usukani. Likiwa la usukani wa kushoto, dereva anategemea taniboi wake amwambie kama kuna mtu kulia. Subiri mpaka njia iwe wazi kabisa mbele, ulipite mara moja bila kukawia ubavuni, au usilipite.

Utaniambia: lori lina vioo vingi, vikubwa kuliko vyangu, na malori mapya yana kamera. Ni kweli, na vioo vimeokoa watu. Lakini hesabu pamoja nami. Dereva anayetoka Shimanzi kuingia mzunguko wa Makupa ana kioo kikubwa kila upande, kioo cha mbinuko chini yake, pengine kingine juu ya dirisha la taniboi kinachotazama chini, na kingine mbele. Jicho lake linatazama kimoja kwa wakati mmoja. Wakati anatazama kulia kutafuta nafasi ya kuingia, boda boda iliyokuwa nyuma imeshafika kushoto. Akirudisha macho kushoto, mkokoteni umeshapita mbele. Vioo vya mbinuko huonyesha eneo pana kwa kupunguza ukubwa wa vitu, kwa hiyo pikipiki ndani yake ni doa dogo linalosogea. Huambiwa pia kwamba ukiuona uso wa dereva ndani ya kioo chake basi naye anakuona. Nusu ya kanuni hiyo ni ya kweli: usipouona uso wake, hakika hakuoni. Ukiuona, una uhakika tu kwamba anaweza kukuona endapo atatazama huko. Tafuta uso, kisha subiri macho yake yakutane na yako, au akupe ishara ya mkono. Bila hayo, jihesabu hujaonekana.

Sasa kona, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanaponaswa wakiamini wamefanya busara. Magurudumu ya nyuma ya trela hayapindi. Yanavutwa tu, na yanapovutwa hukata kona kwa ndani kuliko yalikopita magurudumu ya mbele. Kwa hiyo dereva anayetaka kuingia kushoto akiwa na kontena ya futi 40, gari zima likiwa na urefu wa mita 16 hivi au zaidi, hana budi kwanza ajitanue kulia. Wewe uliye nyuma unaona lori limekwenda kulia na kushoto pamefunguka nafasi safi. Unadhani anageuka kulia, au anakupisha. Unaingia. Sekunde chache baadaye kichwa kinarudi kushoto, trela inafunga nafasi ile kama mlango, na magurudumu yake ya nyuma yanapanda pale pale ulipo, huku dereva akitazama kule aendako. Ukiona lori limejitanua kulia karibu na njia panda, lichukulie kuwa linakwenda kushoto hadi lithibitishe vinginevyo. Usingojee indiketa: taa ya nyuma huenda imefunikwa na vumbi, huenda haiwaki, na wewe uliye ubavuni huenda huioni kabisa. Tazama magurudumu ya mbele. Hayo ndiyo yanayopinda kwanza. Kwenye mzunguko, kama ule wa Makupa, usiingie sambamba na trela hata kama njia ni mbili. Trela inayoanza katika njia yake itamaliza katika yako, na dereva hana namna nyingine ya kuuzunguka. Mwache atangulie. Upande wa nje wa kona nao si salama kabisa, kwa sababu mkia wa trela iliyobeba mzigo uliozidi nyuma hupepea kuelekea upande wa pili lori linapogeuka.

Mbele ya lori pana hatari ya namna nyingine, na wanaoikabili zaidi ni wale wasio na gari. Nchini Kenya kila mwaka hufa watu zaidi ya 4,000 barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Fikiria foleni ya Barabara ya Jomo Kenyatta saa za jioni. Malori yamesimama. Hamali anapitisha mkokoteni wake mbele ya bampa, mama ameshika mtoto mkono anafuata, boda boda imejipenyeza kati ya mistari miwili ya magari na kutua mbele kabisa ya lori ili iwe ya kwanza kuondoka. Wote hawa wako ndani ya zile futi 20. Mtu mzima aliyesimama jirani na bampa ya lori refu anaweza asionekane hata kidogo, sembuse mtoto, na lori lenye pua ndefu linaficha zaidi. Foleni ikisogea, dereva anatazama gari lililoko mbele yake mbali, anaona nafasi, anaondoa breki. Sikio lako lijue sauti hiyo: breki za upepo zikiachiliwa hupiga mfyonzo mkali wa hewa, na mara nyingi ndilo onyo pekee utakalopewa. Ukiisikia ukiwa mbele, usisite katikati wala usirudi kuokota kilichoanguka. Ondoka upande ulio karibu. Ila bora usifike huko. Vuka nyuma ya gari dogo, au vuka mbele ya lori ukiwa mbali kiasi cha kuona kioo chote cha mbele na mtu aliye nyuma yake. Mwenye boda boda, tuktuk au baiskeli, ukikuta lori limeongoza foleni, kaa nyuma yake. Utapoteza nafasi moja katika mstari.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni hili: mwendo wa polepole hauui, na dereva atasimama akisikia kelele. Jibu linaweza kutafutwa London, mji wa foleni ambako nao huendesha kushoto kama sisi. Kati ya 2015 na 2017 malori makubwa yalihusika katika asilimia 63 ya vifo vya waendesha baiskeli mjini humo, ilhali yalikuwa asilimia 4 tu ya umbali wote ulioendeshwa na magari. Sehemu kubwa ya janga hilo imekuwa njia panda, lori likikata kushoto na baiskeli ikiwa ubavuni mwake. Gari dogo likikugonga kwa mwendo wa mtu kwa miguu litakuangusha. Lori lenye makumi ya tani kwa mwendo huo huo halikugongi kwa kishindo. Linakuangusha kisha linapanda, na dereva wa gari zito namna hiyo huenda asihisi chochote kwenye usukani. Kelele zako zinashindana na injini, redio na honi za matatu.

Nyuma ya lori habari ni fupi. Acha ile nafasi ya kontena ndefu hata mkiwa mmesimama, hasa penye mwinuko: kwenye miteremko ya kivuko cha Likoni na kwenye kupanda Daraja la Nyali, lori lililojaa huweza kurudi nyuma kabla gia haijashika. Mkiwa mnatembea, ongeza nafasi mpaka zipite sekunde 4 kati ya lori kupita nguzo fulani na wewe kuifikia, na mvua za masika zikinyesha ziongeze tena, kwani maji yanayorushwa na matairi yake yanakuziba macho na taa zako zinamezwa. Usiku, kando ya barabara za Shimanzi na Kibarani, trela iliyoegeshwa bila taa wala vibao vya kuakisi ni ukuta mweusi ambao gari dogo huingia chini yake. Punguza mwendo maeneo hayo hata kama barabara ni tupu.

Mji wa Kale ni shauri jingine, na wakazi wake hudhani hawahusiki. Trela haiingii Ndia Kuu. Lakini bidhaa huingia, na huingizwa na malori madogo, yale ya aina ya kenta, yanayoleta saruji, mchanga, maji, mzigo wa madukani Kibokoni, na yanayohudumia majahazi ya Bandari ya Zamani. Hapa mahali pa kugeuzia gari ni pachache, hivyo lori likishaingia mara nyingi hutoka kinyumenyume. Kinyumenyume ndiyo hali ya upofu mkubwa kuliko zote, na njia zenyewe zilijengwa kwa ajili ya watu na punda. Hatari si kugongwa tu. Ni kubanwa kati ya bodi ya lori na ukuta wa mawe, kwa sababu hakuna ukingo wa kukimbilia. Lori likirudi nyuma kwenye kichochoro, usijibandike ukutani ukadhani utatosha. Ingia kwenye daka la nyumba iliyo karibu, hata kama si yako. Hakuna mwenye nyumba wa Mji wa Kale atakayekufukuza. Wazee waliokaa barazani wanyanyue miguu na waingie ndani hadi lipite. Watoto wa chuoni na watu wanaotoka msikitini hutokea kwenye vichochoro ghafla na kwa wingi, kwa hiyo mwenye duka anayeagiza mzigo afanye jambo lililo katika uwezo wake: aagize uletwe asubuhi mapema au baada ya watoto kuingia darasani, wala si wakati wa kutoka sala ya Ijumaa. Na taniboi ashuke. Asimame pale dereva anapomwona kwenye kioo, kamwe si katikati ya lori na ukuta, na akimpoteza dereva kwenye kioo apige kelele ya kusimamisha. Dereva asiyemwona taniboi wake asimame papo hapo.

Wapo watakaokasirika na haya yote. Watasema: mimi ndiye mwenye haki ya njia, nimelipa kodi ya barabara kwenye kila lita ya petroli, kwa nini nimpishe mwenye lori kana kwamba barabara ni yake? Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na msemo huo una uchungu ndani yake, uchungu wa mnyonge aliyezoea kusukumwa. Nauelewa. Sikuambii umpishe kwa unyonge. Nakuambia haki ya njia ni makubaliano kati ya watu wawili wanaoonana, na asiyekuona hawezi kukuheshimu wala kukudharau. Ukishaumia, mahakama itaamua nani alikosa, na uamuzi huo uwe wako kabisa, mguu hautarudi.

Wengine watasema lawama naipeleka kusiko: wabanwe madereva wanaotafuna miraa ili wakeshe, na matajiri wenye malori mabovu. Naam, wabanwe. Kenya ina Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, na ina uwezo wa kudai zaidi ya inavyodai. London ilianza 2019 kuyapima malori kwa nyota, kuanzia 0 hadi 5, kulingana na dereva anaona kiasi gani moja kwa moja kupitia madirisha. Tangu Oktoba 2024 lori lisilofikisha nyota 3 haliruhusiwi kuingia bila kufungwa vifaa maalumu vya usalama. Hapa kwetu, vioo vya kutazama chini upande wa taniboi, kengele ya kurudi nyuma inayolia kweli, na vizuizi vya ubavuni vya kumzuia mtu asiingie chini ya trela ni vitu vya gharama ndogo ukilinganisha na bei ya kontena moja ya mzigo. Kaunti na bandari zingeweza kuvifanya sharti la kupita getini. Ninayataka hayo kwa dhati. Lakini hata siku yakitimizwa, sehemu zisizoonekana zitapungua tu, hazitaisha, na kesho asubuhi foleni ya Makupa itakuwa na malori yale yale ya leo.

Imebaki hali moja: umeshajikuta ubavuni, kushoto, na trela imeanza kukufunga. Ukiwa ndani ya gari, piga honi mfululizo bila kuachia, kanyaga breki na ubaki nyuma. Usikanyage mafuta kujaribu kutangulia, kwa kuwa mbele ndiko pembe inakofinyika. Ukiwa na abiria wa kushoto, mwambie avute mkono ndani na ajisogeze kwako. Ukiwa juu ya pikipiki au baiskeli na breki hazikutoshi, rukia upande wa kushoto, mbali na magurudumu, uendelee kujisogeza mpaka uwe umevuka ukingo wa barabara. Pikipiki iache.